Mgeni wa Goti la Kulia

Ukimkuta akipanda mlima kwenda kwake, ulikuwa na njia mbili tu: umsalimie ukiwa nyuma na ukubali kuachwa, au uiname ujifanye unafunga kamba ya kiatu mpaka apotee kwenye kona ya mikaratusi. Mimi nilifunga kamba miaka mingi, hata siku nilizovaa ndala.

Tulimwita Mwenyekiti. Jina lake lipo, na wanaolihitaji wanalijua, lakini huku kwetu Kilungu ukilitaja jina hilo watu watakuuliza unamtafuta nani. Alikuwa mwenyekiti wa mwethya wetu, kile kikundi cha majirani kinachozunguka shamba kwa shamba kuchimba matuta ili mvua isiuchukue mlima ikaupeleka baharini. Leo wanachimba kwako, wiki ijayo kwangu, na mwenye shamba anapika. Alishika uongozi huo kabla mimi sijajua kushika jembe. Kila uchaguzi ulipofika alisimama mbele yetu akauliza kwa upole kama kuna mtu anayeitaka kazi hiyo. Aliuliza akiwa na jembe begani. Hakuna aliyewahi kuitaka.

Kwa mtu aliyepewa cheo cha kiti, sijaona binadamu aliyechukia kukaa namna ile. Kanisani alisimama nyuma akidai kwamba anawapisha wageni, hata zile Jumapili ambazo mgeni alikuwa pasta peke yake. Chai alikunywa wima. Kwenye matanga alizunguka kati ya sufuria na wafiwa, na wote walionja mkono wake. Ukimletea kiti alikushukuru sana, akapangusa vumbi, akaweka mkoba wake juu yake.

Sauti yake ilivuka bonde bila msaada. Wanawe walipomnunulia simu, aliishika mbali na uso na kupaza sauti ile ile, kwa hiyo sisi majirani tulipata habari mara mbili: kwanza kwenye simu, halafu dirishani. Ukifika kwenye mwethya umechelewa hakukugombeza. Alikuuliza tu, "Nani amekufa?" Ukisema hakuna, alikuonyesha pa kuanzia. Siku moja shemeji yangu mmoja, mgeni wa mlima, alilalamika kwamba shamba lina mawe mengi mno. Mwenyekiti akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Si ni hiyo mawe inashikilia mlima? Ama ulikuwa unataka ushikilie wewe?"

Shemeji alichimba mpaka jioni, na nasikia mpaka leo anamsifu.

Alikuwa mkweli kupita kiasi. Aliwahi kusimama mbele ya kanisa zima kukiri kwamba alisinzia wakati wa maombi, akawataja na wengine waliosinzia naye, ili kusiwe na upendeleo. Lakini mama huyu, mkweli hivyo, alidanganya kuhusu jambo moja tu, nalo ni goti lake la kulia.

Lilipoanza kumwuma alisema ni kiatu. Akabadilisha viatu. Viatu vipya navyo akasema vina kichwa kigumu. Tulipomwona akichechemea peku, akashuka kwenye mtaro aliokuwa akiuchimba, na wiki iliyofuata akaanza kuliita goti "mgeni". Mgeni ameamka vibaya. Mgeni hapendi baridi. Mgeni amekataa kushuka mtoni leo. Nadhani jina hilo lilimfariji, kwa sababu mgeni hata akikaa sana ana siku yake ya kuondoka. Wengine wote aliwakokota hospitalini; hata mama yangu mzazi alipelekwa naye, ameshikwa mkono kama mtoto anayeanza shule. Mgeni wake mwenyewe alimpaka mafuta ya kondoo na kumkanda kwa chumvi moto iliyofungwa kitambaani, na jikoni kwake kulinukia kama harusini kila jioni.

Mtu wa kwanza kuukataa uongo huo alikuwa mwanawe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule chini Sultan Hamud. Alipanda siku moja na habari kwamba amejenga chumba nyuma ya nyumba yake. Sakafu tambarare, hakuna ngazi, choo ndani. Mimi nilikuwa jikoni kwa Mwenyekiti nikinywa chai, na nikaendelea kuinywa polepole.

"Mwaitu, huku ni kupanda na kushuka tu," mwana alisema, akimwita mama kwa lugha yetu. "Siku moja utaanguka huko kwa matuta na hakuna mtu atakuona."

"Nikianguka nitaita."

"Utaita nani?"

"Wewe umewahi kukosa kunisikia?"

Mwana alinitazama nimsaidie. Nilitazama kikombe changu.

"Mwaitu, hii goti imeisha. Hata ukikataa, imeisha."

"Umeiona ndani?"

"Sijaiona."

"Basi usimsengenye mgeni wangu kama hujaongea na yeye."

Aliyasema hayo akicheka, lakini mwanawe alipoondoka alibaki mlangoni muda mrefu akiyatazama matuta yake yakishuka ngazi kwa ngazi hadi mtoni. Akaniambia bila kugeuka kwamba akitolewa hapa atakufa, na kwamba nisimwambie mtu. Mwenyekiti hakuwa mtu wa kusema maneno kama hayo. Niliogopa.

Miezi hiyo mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kufanya kazi kwenye maabara ya hospitali yetu ya mlimani, na daktari mmoja wa utafiti kutoka Nairobi, binti mpole mwenye miwani, alikuwa anatafuta watu wenye maumivu ya goti. Nilimpelekea Mwenyekiti habari hiyo. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: kwamba kwenye goti ncha za mifupa zimefunikwa na kitu laini kinachoitwa gegedu, kwamba gegedu likianza kulika, chembe zake huingia kwenye damu na kwenye mkojo, na kwamba chembe hizo zinaweza kupimwa hata kabla picha ya eksirei haijaonyesha kitu. Nilijiandaa kurudia. Haikuhitajika.

"Ni maji mekundu," alisema.

"Maji gani, mwaitu?"

"Mvua ikinyesha, mimi siendi kuzunguka mashamba yote kuona tuta ya nani imepasuka. Naenda mtoni tu. Maji ikiwa nyekundu, najua kuna shamba linaenda. Ikiwa safi, narudi kulala." Akaligonga goti kwa kidole. "Sasa nyinyi mnataka kusimama mtoni kwangu."

Sijapata njia bora ya kueleza kazi yangu tangu siku ile, na nimeitumia kwa wagonjwa wengi bila kumwomba ruhusa.

Jambo alilolifanya baadaye lilitushtua wote. Siku ya mwethya, kikundi kizima kikiwa shambani na mwanawe akiwa amekuja kuleta unga, alisimama juu ya tuta akatangaza kwamba kesi yake na mwanawe itaamuliwa na damu. Damu ikisema mlima unaliwa, atashuka Sultan Hamud na godoro lake mwenyewe. Ikisema haujaliwa, asisikie tena hadithi ya choo cha ndani. Mwana akakubali hapo hapo. Watu wakapiga makofi. Daktari wa utafiti alipopata habari alishika kichwa.

"Mama, hivi vipimo bado tunavichunguza. Haviwezi peke yake kumwamulia mtu maisha yake."

"Wewe huamui kitu, daktari. Mimi nimeshaamua. Wewe pima tu."

Basi tukapima. Majibu yalikuja kutoka maabara kubwa ya Nairobi yakiwa juu. Tukapima tena baada ya miezi, yakawa juu zaidi. Daktari hakuelewa, kwa sababu picha ya eksirei ilionyesha goti lililochakaa kidogo tu, na mama mwenyewe alikuwa akiingia chumbani kwa daktari kwa mwendo wa mtu anayekuja kukamata mwizi. Kule Sultan Hamud mwana alianza kupaka chumba rangi. Mwenyekiti alichimba tu, na jioni alikaa muda mrefu na ile chumvi yake moto.

Siri ilifichuka siku ya kipimo kilichofuata, daktari alipotoka hadi langoni kutafuta mtandao wa simu. Kutoka chini ya bonde aliona msafara unapanda. Wanawake wa mwethya na wanaume wachache, majembe mabegani kwa sababu walitoka kazini, wakiimba, na mbele yao Mwenyekiti akiongoza wimbo na kuupigia mguu. Kwetu mtu ambaye kikundi kimelichukua jambo lake haendi kulikabili peke yake. Anasindikizwa, na anasindikizwa kwa miguu, kwa sababu kumpandisha gari ni kama kumwambia amekwisha. Kila siku ya kipimo walikuwa wameshuka bonde lote na kupanda mlima wote hivyo, na kwenye tambarare walicheza. Mimi nilikuwa nikizisikia nyimbo hizo nikiwa ndani, nikidhani ni kwaya imekuja kuwaombea wagonjwa wodini.

Daktari alirudi amejishika ubavu, sijui kwa kucheka au kwa kuumia. Akatueleza wote pale kwenye benchi kwamba kutembea kunalikamua gegedu, chembe zinajaa kwenye damu kwa muda, na mtu akipumzika zinashuka. Ndiyo maana mtu anatakiwa afike ametulia na akae kwanza ndipo atolewe damu.

"Lakini mama, kila siku nakuuliza kama umefanya mazoezi asubuhi. Unaniambia hapana!"

"Na ni ukweli," Mwenyekiti alisema, ameudhika. "Mazoezi ni ya wale watu wa Nairobi wanakimbia na hakuna mtu anawafukuza. Mimi nilikuwa nakuja tu."

Kikundi kizima kiliunga mkono. Hakuna aliyefanya mazoezi. Walikuwa wanakuja tu.

Halafu uso ukafunguka. "Asi! Kumbe mlikuwa mnachota maji na ng'ombe wakivuka!"

Damu haikutolewa siku ile. Ilipofika siku nyingine, mwanawe mwenyewe alimpandisha kwa pikapu yake, kwa vile alitaka kuona kwa macho yake kwamba hakuna ujanja. Mwethya nao walikuja, lakini walifika mapema na kumngoja wamekaa. Halafu ikaja nusu saa ya kukaa kabla ya damu. Nimewatoa damu watu wanaozimia, nimewatoa watoto wanaong'ata, lakini sijaona mateso kama ya Mwenyekiti kukaa kwenye benchi akiwa hana ruhusa ya kuinuka. Alishika magoti yote mawili kama yatatoroka. Aliuliza kama mdomo unaruhusiwa. Daktari akamjibu kwamba mdomo hauna gegedu, na hilo lilikuwa kosa, maana mbele ya benchi kulikuwa na mfereji wa paa uliopasuka na maji yalikuwa yamechimba udongo chini ya ukuta wa hospitali. Alimwita mtunza bustani. Alimwonyesha kwa kidevu mahali pa kuweka mawe. Yule bwana alipoliweka jiwe la kwanza upande usiofaa, Mwenyekiti akainuka nusu, na mkono wa mwanawe ukamrudisha begani taratibu.

"Mwaitu, usiuvuruge mto," alimwambia.

"Mto," mama akakubali, akafumba macho ili asiuone ukuta.

Majibu yalikuja yakiwa chini, yametulia. Nilishuka nayo mbio, na nakiri sikumbuki kufurahi hivyo hata siku ya ndoa yangu. Alizisambaza habari kwa sauti yake mwenyewe na bonde likazijua kabla sijamaliza chai. Mwana alicheka, akaacha kupaka rangi, akamletea fimbo nzuri ya kutembelea. Daktari alimfundisha kunyoosha mguu asubuhi na jioni ili misuli ya paja imbebe mgeni, na akawa anafanya hivyo mlangoni, akiwatangazia wapita njia, "Sasa hii ndiyo mazoezi!"

Aliupata mlima wake kwa misimu kadhaa. Msimu wa maembe na msimu wa mahindi, matuta mapya mawili upande wa mtoni, na shemeji yangu akarudi kuchimba bila kuitwa. Katika muda huo alikuja kupimwa kila alipoitwa, kwa pikapu, na alikaa ile nusu saa yote. Na taratibu, akiwa amekaa vizuri kabisa, majibu yakaanza kupanda. Eksirei mpya ikakubaliana nayo. Mgeni alivimba, akawa hakunjuki asubuhi mpaka jua lishike.

Mimi ndiye niliyepanda kumwambia. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakuniacha nimalize salamu.

"Maji ni nyekundu?"

"Ni mekundu, mwaitu."

"Ng'ombe hawakuwa wanavuka?"

"Hawakuwa. Ulikaa."

"Nilikaa," alisema. "Nilikaa kabisa."

Nilimweleza yote ambayo daktari alinituma nimweleze: kwamba damu peke yake si hukumu, kwamba kuna dawa za kutuliza na kuna madaktari wa mifupa, kwamba hata mwanawe hakuwa anadai tena. Ni kweli, mwana alikuwa amenipigia simu akaniomba nimwambie mama asahau maneno ya siku ile. Sikutaka aende. Nilimwambia hivyo waziwazi, nikamwambia pia kwamba mashine hukosea, jambo ambalo mtu wa maabara hapaswi kulisema akiwa anajua haikukosea.

"Mwana wakwa," alisema, "nilisema mbele ya watu."

Mwanamke huyo angebishana nawe juu ya mahali jua linapotoka, lakini neno lake mwenyewe hakubishana nalo. Mwethya walibeba godoro, sufuria na kuku. Yeye alikataa pikapu mpaka barabarani, akashuka mlima kwa fimbo akiwa mbele na wimbo wake, polepole, akimngoja mgeni kila tuta. Nilikuwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza maishani ningeweza kumpita. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu.

Nilimwona mwezi uliopita. Utafiti ulihitaji damu ya mwisho na daktari akanituma Sultan Hamud na boksi la barafu. Nilipouliza dukani, mwana alinionyesha nyuma ya nyumba kwa kidole, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshindwa kwa furaha.

"Enda ujionee. Mimi nimenyamaza."

Huko nyuma, kwenye ardhi iliyo tambarare kama meza, kulikuwa na tuta. Tuta kamili la kwetu, limepigwa kwa kamba, nyasi zimepandwa ukingoni, sukuma wiki juu yake. Mama mmoja Msomali mwenye duka la nguo jirani alikuwa amekunja buibui anarusha udongo, na wanawake wa vibanda vya barabarani walikuwa wamejipanga mstari. Mwenyekiti alikuwa katikati yao ameegemea fimbo.

"Nani amekufa?" aliniuliza.

"Hakuna, mwaitu. Lakini hapa hakuna mteremko. Maji yatatoka wapi?"

"Hii si ya maji. Ni ya watu. Hawa walikuwa wanakaa hapa miaka yote na hawajuani."

Mama wa duka la nguo akacheka. "Huyu mama alitupata tumekaa," alisema. "Sasa hakuna mtu anakaa."

Nilimkumbusha kwamba kabla ya damu ni lazima apumzike. Nilitarajia vita. Badala yake alikwenda mwenyewe akachukua kiti cha plastiki, akakipangusa vumbi, na akakikalia. Alikigeuza kwanza, akaelekea ukuta wa mabati wa stoo ya mwanawe. Nyuma yake, juu ya paa za mji, milima yetu ilikuwa inaonekana yote, safi, na ukijua pa kutazama unaweza kuiona ile kona ya mikaratusi.

Nilidhani hakuona. Nikashika kiti nimgeuzie upande mzuri.

"Wacha hivyo," alisema. "Nikiiangalia nitapanda. Na wewe umesema nisitembee."

Nikavuta ndoo nikakaa kando yake, na tukatazama mabati pamoja mpaka nusu saa ikaisha.